Safari ya Kumtafutia Nekesa Pumzi

Tangu turudi, kila anayeniletea suruali ya kupunguzwa ananiuliza jambo lile lile: mtoto aliponaje, na mbona mlikaa huko siku nyingi hivyo? Nikianza kusimulia, mteja mwingine anaingia na hadithi inakwamia kiunoni kama zipu mbovu. Kwa hiyo nimeiandika yote, kituo baada ya kituo, muisome kwa wakati wenu. Habari za bima, fomu na madirisha ya kulipia nimeziacha. Hizo kila mtu anazo zake.

Mowlem

Wengi wenu hapa Mowlem mnanijua kama Baba Nekesa, fundi wa sare za shule. Mke wangu Njeri mlimjua pia kabla hajaenda Uarabuni. Kule ameajiriwa kwenye nyumba ya watu, na kazi yake kubwa ni kumlea mtoto wao. Mkataba wake ni wa miaka miwili. Alipoondoka, binti yetu alikuwa na miezi tisa, na wiki ile ile alianza kupumua kwa mluzi.

Mwanzoni ulikuwa mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Baadaye kikaongezeka kikohozi, kisha mbavu zikaanza kuzama kila akivuta hewa. Kliniki ya hapa mtaani tulienda mara nne. Walimwekea mashine ya mvuke, wakatupa dawa ya pumu, naye akapata nafuu ya siku mbili tatu. Halafu mluzi ukarudi. Kuna waliosema ni vumbi la vitambaa vyangu, nami nikaacha kabisa kuleta kazi nyumbani. Haikusaidia.

Akina mama wa ploti yetu walikuwa na maelezo yao. Mmoja aliniambia wazi tukiwa kwenye kamba ya nguo: "Huyo anamlilia mamake. Kilio cha mtoto kikikosa mtu wa kukipokea, hushuka kifuani."

Nilimwamini. Nitasema ukweli, nilimwamini kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimebanwa kifua tangu siku ile uwanja wa ndege. Usiku nilikuwa nikinyoosha mkono upande wa pili wa kitanda na kugusa ukuta. Nikaona basi, mtoto na baba tunaugua ugonjwa mmoja.

Kosa langu ni kwamba nilimwambia Njeri. Alipopiga simu Ijumaa moja nikamwambia, "Anakulilia wewe. Watu wote wanasema hivyo." Kisha akasema, "Weka simu kifuani pake nisikie." Nikaiweka. Alisikiliza ule mluzi mpaka muda wake ukaisha.

Jumatatu iliyofuata Nekesa alikataa uji. Pua zilikuwa zikipanuka kama za mtu aliyekimbia, na sauti ya kulia ilikuwa imekauka. Mama mkwe akapiga simu kutoka Shauri Moyo kuuliza hali. Alimsikia mtoto kabla hajanisikia mimi.

"Mlete huku," akasema. "Usinieleze kitu. Mlete."

Shauri Moyo

Mama mkwe wangu anakaa katika zile nyumba za zamani za kanjo, yaani za baraza la jiji, chumba kimoja, na anauza nguo za watoto za mitumba katika soko la Gikomba. Ni mtu wa Murang'a. Mimi ni Mbukusu, na kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hamkai kiti kimoja, hamli pamoja, hata kumtazama sana usoni ni aibu. Kwa miaka minne ya ndoa nilikuwa nimeingia kwake mara mbili tu, na mara zote Njeri alikuwa katikati yetu.

Kwa hiyo nilipofika nilisimama mlangoni, nikamnyooshea mtoto kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Utasimama hapo mpaka lini, kama askari wa kanjo amekuja kufunga biashara? Ingia."

Nikaingia hatua moja. Alimpokea Nekesa, akamlaza begani, na nikaona uso wake ukibadilika alipousikia ule mluzi kwa karibu. Hakuniuliza maswali. Alitoka nje akagonga mlango wa tatu, akarudi na jirani yake, Mama Rhoda, muuguzi aliyestaafu siku nyingi. Mama Rhoda hakuwa hata na kifaa cha kusikilizia. Alimvua mtoto fulana, akaweka sikio lake mgongoni, kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena. Nje kulikuwa na nyundo za mafundi wa mabati zikigonga bila kupumzika, na yeye akainua kidole kana kwamba anaziomba zingoje.

"Nani alisema huyu ana pumu?"

"Tulipewa dawa ya pumu," nikamjibu.

"Pumu huimba pande zote mbili. Huyu upande wa kushoto uko sawa. Mluzi wote uko kulia, na hewa huko ni haba." Alimvisha fulana polepole. "Mimi si daktari, na masikio yangu yamezeeka. Lakini mpeleke leo kwa daktari wa vifua vya watoto. Yuko mmoja Eastleigh. Na midomo ikigeuka rangi njiani, usiende kwa mtu mwingine yeyote, ingia hospitali ya kwanza utakayoiona."

Mama mkwe alitaka nile kwanza. Alipakua githeri ya mahindi, maharagwe na viazi, akaniwekea kwenye kigoda. Mimi kwa adabu nikageuza kiti nikaupa ukuta uso na yeye mgongo. Nikamsikia akicheka nyuma yangu, kicheko kile kile cha Njeri, chenye kukatika mwishoni kama mtu aliyekumbuka jambo. Kijiko kilinisimama mkononi. Sikuwahi kujua kwamba kicheko kile kilitoka kwake.

"Geuka ule vizuri, Baba Nekesa," alisema. "Mila zenu zitatungoja mtoto apone."

Eastleigh

Kutoka Shauri Moyo nilitembea, maana magari yalikuwa yamesimama na mguu ulikuwa na haraka kuliko gurudumu. Nilimfunga Nekesa kifuani kwa leso ya mamake, akiwa wima, ili hewa ipite. Barabara ya Kwanza ilikuwa imejaa mikokoteni, marobota ya vitambaa na watu wa kutoka kila pembe ya nchi waliokuja kununua jumla. Daktari alikuwa ghorofa ya tatu ya jengo moja la maduka. Tulipofika kwenye lango la chini, Nekesa alishikwa na kikohozi kibaya. Alikohoa mpaka akatapika kwenye leso, kisha akalia kwa ile sauti iliyokauka.

Mwanamke mmoja aliyebeba mifuko akasimama. "Mama yake yuko wapi?"

"Yuko Uarabuni."

"Na wewe unampeleka wapi?"

"Juu. Ghorofa ya tatu."

Sikujua kwamba kwenye ile ghorofa ya tatu, mlango wa kwanza kabla ya kliniki, kulikuwa na ofisi ya kupeleka watu ng'ambo, na bango lake lilikuwa pale pale juu ya kichwa changu. Yule mwanamke alilitazama bango, akanitazama mimi, akatazama leso ya kike kifuani pangu. Akaweka mifuko chini.

"Jameni, hebu tazameni huyu mwanamume! Anampeleka mtoto wa watu ng'ambo!"

Mlinzi akaja. "Bro, simama hapo kwanza. Huyu mtoi ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Mbona ako na leso ya mamake na mamake hayuko?"

Jibu lilikuwepo, lakini nilipolisema mbele ya watu ishirini liligeuka kuwa uongo. Nilipiga simu kwa Njeri mara tatu; saa za kazi simu yake huwa imefungwa kabatini. Nikaonyesha picha zetu, na mtu mmoja akasema picha hata wezi wanazo. Wakati huo wote mtoto alikuwa akivuta hewa kwa shida juu ya moyo wangu, na mimi nilikuwa nikishindwa hata kupanda ngazi. Nilihisi machozi yanakuja, na nilijua nikilia wataniona mwizi zaidi.

Aliyetuokoa ni mama wa Kisomali mwenye duka la vitambaa pale chini. Baadaye nilimjua kama Mama Hodan. Alitoka akipangusa mikono, akapita katikati ya watu, akasimama mbele yangu.

"Wewe. Huyu mtoto hulala vipi?"

"Halali chali," nikasema. "Nikimlaza chali anaamka akikohoa. Hulala kifuani kwangu, shavu la kushoto chini. Nikisogea hata kidogo anafungua jicho moja kuona kama bado nipo, halafu analifunga."

Mama Hodan akawageukia. "Wallahi, huyu ni baba. Mwizi anajua mtoto analia vipi, hajui analala vipi. Tupisheni."

Yule mwanamke wa mifuko aliona haya. Alitusaidia kubeba begi mpaka juu, na njia nzima alikuwa akisema pole, pole baba, siku hizi watoto wanapotea. Simlaumu. Ningetaka mtu kama yeye asimame kama kweli Nekesa angekuwa ameibwa.

Lakini juu tulikuta daktari ameitwa hospitali nyingine kwa dharura. Muuguzi wake alimwekea Nekesa mashine ya mvuke, akampima hewa kwa kifaa cha kidoleni, akasema anaweza kungoja, turudi kesho asubuhi na mapema. Mama Hodan alitutafutia chumba katika nyumba ya wageni ya ndugu yake nyuma ya duka. Jioni alituletea chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, na anjera, mikate laini ya Kisomali iliyokunjwa. Aliketi akamtazama Nekesa akichezea kitufe cha shati langu.

"Mwanangu wa kwanza yuko ng'ambo mwaka wa sita," alisema. "Kila siku namwona kwenye simu. Amenenepa, amefuga ndevu. Watu wananiambia, una bahati, unamwona." Alimimina chai. "Simu ina sura, baba. Haina harufu."

Leso ile, hata baada ya miezi mitatu, nilikuwa sijaifua kwa sababu hiyo hiyo. Na sasa ilikuwa imetapikiwa, na muuguzi alikuwa ameshaiosha kwa dawa.

Asubuhi daktari alikuwepo, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini. Alisikiliza kifua muda mrefu, akatutuma tukapige picha, akaitazama picha akiwa amesimama dirishani. Hakukuwa na kitu cha kuonekana waziwazi, alisema, lakini pafu la kulia lilikuwa limejaa hewa kupita lile jingine, kana kwamba hewa inaingia na kukosa mlango wa kutokea. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza kwa miezi mitatu.

"Kuna siku huyu mtoto alipaliwa?"

Nikafungua mdomo kusema hapana. Halafu nikaikumbuka siku ya kuagana.

Nyumba ilikuwa imejaa. Watu wa kanisa walikuja kumwombea Njeri, vyakula vilikuwa kwenye mkeka, watoto wakitambaa katikati ya miguu yetu. Gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa langoni na dereva anapiga honi. Njeri alikuwa anatoka na begi, na nyuma yetu Nekesa akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akawa mweusi usoni, kisha akapata pumzi akalia kwa nguvu. Njeri alitaka kurudi. Mimi ndiye niliyemwambia, "Nenda, ni kilio tu, amekuona unaondoka. Ukirudi itakuwa vigumu zaidi." Akaenda.

Nilimweleza daktari yote. Aliandika mstari mmoja tu.

"Nadhani kuna kitu ndani," akasema. "Kimeingia njia ya hewa, kimekaa. Dawa ya pumu haiwezi kukitoa."

Kupanda Limuru

Kukitoa kulihitaji kumlaza mtoto usingizi wa dawa na kuingiza kifaa chembamba kooni. Mtaalamu wa kazi hiyo kwa watoto wadogo, wiki ile, alikuwa katika hospitali moja ya misheni kule juu, ukingoni mwa Bonde la Ufa. Daktari alimpigia mwenyewe, akasema twende kesho yake, mapema. Nilimpigia mama mkwe kumpa habari. Nilitarajia aniombee.

"Nakuja na nyinyi," akasema.

Alikuja na gari pia. Fundi Karanja, mwenzake wa kanisani anayetengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi, alikuwa anapeleka mzigo njia hiyo na pikapu yake. Nyuma masanduku yalikuwa yamepangwa mpaka juu, yakipiga kelele kila tukipita tuta. Mbele tulikaa watu watatu na mtoto: fundi kwenye usukani, mama mkwe dirishani na Nekesa mapajani, na mimi katikati, bega langu limebanwa kwenye bega la mama mkwe wangu. Kwetu Bungoma jambo hilo lingeitishiwa kikao. Nilijikunja mpaka fundi akalalamika kwamba namzuia kubadilisha gia.

"Kaa vizuri, Baba Nekesa," alisema mama mkwe bila kunitazama. "Wakikuuliza, sema gari lilikuwa dogo."

Kupita Limuru ukungu ulitufunika. Mbele yetu lori lilikuwa limekwama kwenye mlima na magari yote yakasimama. Tulikaa hapo zaidi ya saa mbili. Baridi ilimzidi mtoto, mluzi ukapanda, na mara moja nikaona ncha za midomo yake zimeingia weusi. Mama mkwe alimwinua wima, akamfungia ndani ya koti lake, akawa anamsugua mgongo.

Fundi Karanja alishuka. Tulimwona akienda gari kwa gari, akigonga vioo, akionyesha kwetu kwa kidole. Dereva mmoja akasogea ukingoni, kisha wa pili, kisha wa lori la mboga. Njia ndogo ikafunguka, pikapu yetu ikapita ikikwaruza nyasi, na madereva waliosimama nje walitupungia mkono wakisema "Twende, twende."

Tulipovuka, midomo ya mtoto ikiwa imerudi rangi yake, tulisimama mahali mama mmoja anauza nduma za kuchemsha na chai. Alipomwona mtoto alikimbia ndani, akatoka na kikombe cha uji wa wimbi wenye maziwa, na Nekesa, aliyekataa chakula siku tatu, akaunywa wote. Tulifurahi kama watu waliopata zawadi. Yule mama alikataa kulipwa.

Njia iliyobaki mama mkwe aliongea, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nami. Aliniambia kwamba Njeri alipokuwa mdogo, alikuwa akimsubiri jioni penye mfereji wa maji pale Shauri Moyo, amesimama na sahani yake ya chakula mkononi, hali mpaka amwone mama yake akitokea njia ya Gikomba na furushi kichwani. Kama mvua imenyesha, chakula kinalowa, bado hali.

"Nilikuwa nikimgombeza," alisema. "Nilimwambia, mtoto mjinga, kula, mimi nitarudi tu." Alimtazama Nekesa. "Sasa mimi ndiye namsubiri Njeri, na chakula hakishuki."

Nilitaka kumwambia kwamba kwangu pia hakishuki. Lakini nilikuwa bado mkwe, nikatazama barabara.

Hospitali ya ukingoni

Swali la kwanza waliloniuliza ni mtoto alikula saa ngapi. Nikajibu kwa fahari: sasa hivi tu, kikombe kizima! Muuguzi akaweka kalamu chini. Mtoto wa kulazwa usingizi wa dawa hutakiwa awe na tumbo tupu, na sisi hatukuelewa tulipoambiwa mapema kwamba asile. Nilidhani wanasema asile vitu vigumu. Uji wa yule mama mwema ulitusogeza mpaka alasiri.

Mtaalamu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alitukalisha akatueleza polepole. Kitu kikishikwa vizuri kitatoka. Kikiteleza, kinaweza kuziba njia yote, na hapo watakuwa na dakika chache sana. "Siwaambii haya kuwatisha," alisema. "Nawaambia kwa sababu ni mtoto wenu."

Walipomchukua mlangoni, Nekesa hakumlilia mamake. Alinililia mimi. Alinyoosha mikono juu ya bega la muuguzi, na mlango ukafungwa.

Tulikaa kwenye benchi, mimi na mama mkwe, nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Simu ikaita. Alikuwa Njeri, ambaye usiku nilimwachia ujumbe, akinong'ona.

"Nimeiba simu kabatini, niko bafuni kwao. Nina dakika mbili. Ameingia?"

"Ameingia sasa hivi."

"Alilia?"

"Kidogo."

Nilisikia anapumua. Kisha nyuma yake, mbali, mtoto mwingine akaanza kulia, kilio kizuri cha mtoto mwenye mapafu mazima. Nikamsikia mke wangu akigeuza uso na kumwambia kwa sauti ile ambayo nilikuwa nimeitamani miezi mitatu, sauti ya kubembeleza, maneno ya kule ambayo siyajui. Yule mtoto akanyamaza papo hapo.

"Nimeitwa," aliniambia. "Mungu awe naye. Awe na nyinyi." Simu ikakatika.

Sina kinyongo na yule mtoto. Lakini nilibaki nimeshika simu sikioni kwa muda, nikisikiliza pale sauti ilipokuwa.

Sikuhesabu tulikaa muda gani. Mlango ulipofunguka mtaalamu alikuwa ameshusha barakoa na anatabasamu, nami nikajua kabla hajasema. Mkononi alikuwa na kichupa kidogo. Ndani yake kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, kimevimba, kidogo kuliko ukucha wa kidole changu kidogo.

"Nusu ya njugu," akasema. "Anapumua vizuri. Mtamwona akiamka."

Niligeuka kumpa mama mkwe mkono wa furaha. Alikuwa ameinuka, ameshika ukuta.

"Ni mimi," alisema. "Njugu za siku ile ni mimi niliyezileta. Nilizikaanga kwa mkono wangu, Njeri anazipenda. Nilitaka aende na ladha yake mdomoni." Na yule mama ambaye sijawahi kumwona akilia, hata siku ya kumsindikiza binti yake, akaanza kuteleza chini akiegemea ukuta.

Sikuwaza Bungoma. Nilimshika mikono yote miwili kabla hajafika sakafuni, nikamkalisha kwenye benchi, nikakaa kando yake bila nafasi katikati.

"Mama," nikamwambia, "na mimi ndiye niliyemwambia Njeri ni kilio tu, aende. Angerudi, angemtazama mdomoni. Tukianza kugawana hili hatutamaliza leo. Mtoto anapumua."

Alilia akiwa ameshika mkono wangu mpaka tulipoitwa kumwona Nekesa. (Yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika haya. Alisema, andika, wenye watoto wanaotambaa wasikie. Baadaye Njeri naye alielezwa na mama yake mwenyewe, kwa simu.)

Nekesa alikuwa amelala chali. Chali kabisa, mikono imetupwa huku na huku. Niliinama nikasikiliza. Palikuwa kimya kiasi kwamba niliogopa, nikaweka kiganja kifuani pake, nacho kikapanda na kushuka, kikapanda na kushuka.

Kurudi nyumbani

Tulizuiwa siku tano kwa sababu pafu lilikuwa limeanza kuwa na usaha, hiyo ndiyo sababu ya siku nyingi mnayoiuliza. Tukarudi na Fundi Karanja yule yule, gari likiwa tupu na jepesi. Mama mkwe alishuka Shauri Moyo, akanibariki kwa Kikuyu, neno moja sikulielewa na sikuuliza.

Njeri alipiga Ijumaa, siku anayopewa nusu saa. Nekesa alikuwa anatambaa chini ya cherehani, akikimbiza kipande cha chaki. Nilimweleza mke wangu yote kutoka mwanzo, kama nilivyowaeleza nyinyi. Alicheka mahali pa gia, akalia mahali pa ukungu.

"Kwa hiyo hakuwa akinililia," akasema.

"Hakuwa. Ilikuwa njugu."

"Asante Mungu. Unajua, uliponiambia ananililia, nilifungasha begi. Nililiweka chini ya kitanda, nikawa nangoja tu useme neno, rudi. Nilikuwa na sababu." Sauti yake ikapungua. "Sasa nimelifungua. Mtoto amepona, nami nimekaa hapa nalia kwa sababu amepona. Mimi ni mama wa aina gani?"

Nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimelisema hata kwa mama yake. Kwamba nilipokuwa napanda zile ngazi za Eastleigh, kona fulani ya moyo wangu ilikuwa ikiomba daktari aseme ni upweke. Nilitaka karatasi yenye mhuri iliyoandikwa kwamba dawa ya huyu mtoto ni mama yake, ili nimtumie, arudi. Nilimwambia, "Nekesa alikuwa na njugu. Aliyekuwa akikulilia ni mimi."

Nilimsikia akipangusa pua.

"Basi na wewe nenda hospitali," akasema, "wakutoe kilichokukwama."

Akaanza kucheka, kile kicheko cha mama yake, nami nikacheka, na Nekesa chini ya cherehani akacheka bila kujua kwa nini, kwa pumzi ndefu, safi. Kisha upande wa pili wa dunia mtu wa nyumba ile akamwita Njeri kwa jina ambalo si lake, walilompa kule, na akaenda kabla kicheko hakijaisha.